Kukua Kidogo Kidogo: Somo Kutoka Bwawa la Mchanga

SOMO LA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Maandiko ya kusoma: Zaburi 1:1-3, Yeremia 17:7-8, Kutoka 16:14-21, Danieli 6:10, Matendo 2:42-47, Waebrania 3:13

Kusudi la somo: Kila mshirika aanze, au aanze tena, mazoea matano madogo ya kila siku ambayo yatailinda imani yake wakati wa kiangazi.

UTANGULIZI



Wengi wenu mnanijua kama yule pasta msaidizi wa kalamu na daftari. Nilisoma biashara chuoni, na nilipoingia kwenye huduma nilikuja na tabia zangu za chuo. Nilihesabu kila kitu: waliohudhuria, waliookoka kwenye mkutano wa injili, sadaka ya Jumapili hii kando ya ile ya Jumapili iliyopita. Kuhesabu si dhambi. Hata Biblia ina kitabu kizima kinachoitwa Hesabu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho sikuwa nakiangalia, nacho ni hali ya roho yangu mwenyewe.

Mnaukumbuka mwaka 2022. Mvua ilikuwa imekosa msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020. Mahindi yalikauka kabla hayajafika magotini, na kuna watu waliuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Wakati huo nilikuwa nahubiri mara tatu kwa wiki na kuongoza kesha la Ijumaa. Biblia nilikuwa naifungua kila siku, msinielewe vibaya. Lakini niliifungua kutafuta mahubiri. Nilisoma kama mwenye duka anayetafuta bidhaa za kuuza, si kama mtu mwenye njaa anayetafuta chakula chake mwenyewe.

Usiku mmoja wa Oktoba ndugu yangu akanipigia simu: baba amepelekwa hospitali na hali yake si nzuri. Nikapiga magoti kando ya kitanda niombe. Sikupata neno. Mimi ambaye Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimeshika maikrofoni kwa saa tatu! Nilisema "Bwana, Bwana", halafu nikanyamaza. Mke wangu ndiye aliyeomba. Baba alituacha siku ya nne.

Wiki chache baada ya mazishi, mchungaji wetu alinituma upande wa Makueni nimwone mshirika wetu mmoja mzee, ambaye sisi wote humwita Susu, yaani nyanya. Nyumbani sikumkuta. Nikaelekezwa mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mkavu, mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Susu alikuwa amepiga magoti kwenye shimo, akichota maji kwa kikombe cha plastiki na kuyamimina kwenye mtungi wa lita 20. Punda wake alikuwa amesimama kando akingoja.

"Susu, haya maji yametoka wapi na mvua haijanyesha?"

"Ni ya ile mvua kidogo ya Aprili," akasema. "Na mengine ya mwaka juzi. Mchanga huweka."

Akaendelea kuchota. Kisha akauliza bila kuinua kichwa: "Pasta, ulisema utamwombea mjukuu wangu, yule wa Mombasa aliyeacha wokovu. Ulimwombea?"

Nikajibu, "Ndiyo, Susu."

Wapendwa, nilidanganya. Sikuwa nimemwombea hata siku moja. Na yeye akasema, "Mungu akubariki. Mimi humwombea hapa nikichota."

Nilirudi barabarani kwa bodaboda nikiwa nimeelewa kilichonipata usiku ule kando ya kitanda. Kiangazi kilikuwa kimenikuta sina akiba. Makesha na mikutano yote ile ilikuwa imepita juu yangu kama mafuriko yanavyopita kwenye mto usio na ukuta: kelele nyingi kwa siku moja, halafu ukavu.

BWAWA LA MCHANGA HUJAA NAMNA GANI

Sisi wa Kitui na Makueni hatuhitaji kufundishwa kiangazi. Lakini wengi tunapita juu ya bwawa la mchanga bila kufikiria linavyofanya kazi, kwa hivyo wacha niseme kwa ufupi.

Watu huchagua mahali ambapo chini ya mto kuna mwamba. Hujenga ukuta wa mawe na simiti kukatiza mto, mara nyingi kwa mwethya, ile kazi ya pamoja tuliyoachiwa na wazee wetu. Kule Kitui shirika la SASOL limesaidia jamii kujenga mamia ya kuta za namna hii tangu miaka ya 1990. Mvua ikija, mafuriko huleta mchanga na matope. Mchanga ni mzito, hivyo hutulia nyuma ya ukuta. Matope mepesi huruka juu ya ukuta na kwenda zake. Msimu huu mchanga kidogo, msimu ujao kidogo tena, mpaka bwawa linajaa mchanga. Na katikati ya punje zile maji hukaa. Inaweza kuwa robo ya ujazo wote, au hata asilimia 40. Jua halifiki huko chini kuyakausha, mbu hapati pa kutagia, na ng'ombe hawayachafui kama yale ya wazi.

Mambo matatu yananifundisha hapa.

La kwanza: ukuta hauleti mvua. Mvua ni ya Mungu. Hakuna mtu anayeokolewa kwa sababu anaamka saa kumi na moja kusoma Biblia. Tumeokolewa kwa neema, na hata hamu ya kuomba ni Roho Mtakatifu anayeitia ndani yetu. Mazoea ya kila siku ni ukuta tu. Lakini mahali pasipo na ukuta, mvua hunyesha ile ile na maji yote huenda baharini.

La pili: haraka huleta matope. Wajenzi wazoefu husema kwamba pengine ni afadhali ukuta uinuliwe kwa hatua, msimu kwa msimu. Ukiupandisha juu kwa mara moja, maji hutulia sana nyuma yake, na hata matope hayapati nguvu ya kuruka. Bwawa linajaa tope, na tope halitoi maji ya kutosha. Nimeona hivyo kwa waumini wapya. Mtu anaokoka Jumapili, Jumatatu anaanza mfungo wa siku 21, anataka kumaliza Biblia kwa mwezi mmoja. Mwezi wa pili humwoni tena kanisani.

La tatu: maji hayaonekani. Ukipita hapo juu unaona mchanga tu. Yeremia alisema mtu anayemtegemea Bwana ni kama mti uliofikisha mizizi yake majini, na mwaka wa ukame hauna wasiwasi. Hakusema ukame hautafika. Alisema utaukuta ule mti umeshajiandaa chini, mahali ambapo watu hawaangalii.

Sasa tuangalie mazoea yenyewe.

1. NENO: KIDOGO, KILA SIKU

Wana wa Israeli walipewa mana ya siku moja. Waliojaribu kuweka ya kesho waliikuta asubuhi ina funza. Mungu angeweza kuwapa ya mwezi mzima, lakini alitaka watoke nje kila asubuhi na kuokota. Mahubiri ya Jumapili ni mazuri, lakini hayajakusudiwa kukulisha hadi Jumapili nyingine.

Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu. Hata ukisoma nusu ya sura kwa siku, utaimaliza kwa siku 32. Soma polepole, kisha jiulize maswali mawili: Hapa najifunza nini juu ya Yesu? Na leo kabla ya jua kutua, nifanye nini kwa sababu ya nilichosoma? Andika jibu moja kwenye daftari, hata mstari mmoja.

Kama Kiswahili cha Biblia ni kigumu kwako, soma Kikamba. Usione aibu. Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849, na mwaka 1850 Injili ya Marko ikachapishwa kwa Kikamba. Kabla hakujakuwa na jengo la kanisa huku kwetu Kitui na Makueni, Marko alikuwa ameanza kuongea lugha yetu. Neno lililokuja mpaka kwa lugha ya mama yako, mbona uliache kabatini?

Na kama hujui kusoma, fanya kama Susu. Yeye ana mjukuu wa Gredi ya 5 ambaye humsomea kila jioni kabla ya kula. Mtoto akimaliza, Susu humuuliza, "Hapo Mungu amesema nini?" Mtoto hujibu kwa maneno yake. Hivyo tu. Wote wawili wanakua, na hakuna anayelipa bando.

2. MAOMBI: SAA YAKO NA NJIA YAKO

Danieli alipojua kwamba sheria ya kumzuia kuomba imetiwa sahihi, alifanya nini? Alienda nyumbani akaomba mara tatu kwa siku, vile alivyozoea. Yale mazoea ndiyo yaliyomvusha. Hakuanza kujifunza kuomba siku ya simba.

Nilipokuwa nasoma biashara tulifundishwa tofauti ya kuishi kwa akiba na kuishi kwa deni. Wakristo wengi tunaishi kwa Fuliza. Salio likiisha tunakopa: tunampigia pasta atuombee, tunamtumia mama ujumbe atuombee, tunakimbilia kesha. Kuombewa ni haki yako, na mimi nitakuombea. Lakini mtu anayekopa kila siku bila kuweka chochote, kila kinachoingia huenda kulipa deni la jana.

Chagua saa moja ambayo unaweza kuitunza. Kwa mama mwenye watoto wadogo inaweza kuwa baada ya wao kwenda shule. Kwa kijana wa bodaboda inaweza kuwa kabla ya kuwasha pikipiki. Dakika tano za kweli ni bora kuliko saa moja ya kukusudia. Mshukuru Mungu kwa kitu kimoja cha jana. Mtajie hofu moja ya leo bila kuipamba. Kisha omba kwa ajili ya mtu mwingine kwa jina.

Halafu tumia njia yako. Susu hutembea karibu nusu saa kufika mtoni, na kila boma analolipita analiombea. Pale kwa mjane, pale kwa yule mzee anayekunywa, pale kwenye nyumba ambayo msichana aliacha shule. Mtungi unajaa na orodha inaisha. Wewe una njia gani? Ya shamba? Ya sokoni Wote? Ya matatu kutoka Kitui mpaka Mwingi? Hiyo njia tayari unaipita kila siku. Igeuze iwe ya maombi.

Na usiseme "nitakuombea" halafu uende. Mimi siku hizi, mtu akiniambia shida yake, naomba naye hapo hapo tukiwa tumesimama. Ni maneno machache, lakini angalau si uongo.

3. KUUNGAMA: TENGENEZA KABLA YA KULALA

Sasa nirudi kwa ule uongo wangu wa mtoni. Nilikaa nao siku tisa. Kila nilipofungua Biblia niliuona. Nilijiambia ni jambo dogo, kwamba nikianza kumwombea yule kijana sasa nitakuwa nimelipa. Lakini Yesu alisema mtu akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aache sadaka yake pale madhabahuni, aende kwanza wapatane.

Siku ya kumi nilirudi. Nikamwambia, "Susu, siku ile nilikudanganya. Sikuwa nimemwombea mjukuu wako. Nisamehe."

Akaniangalia, akacheka kidogo. "Nilijua, mwanangu. Uliniambia ndiyo ukiangalia punda."

Kisha akasema, "Basi tuombe sasa." Tukaomba pale uani. Yeye aliomba kwanza, na hakuanza na mjukuu. Alianza na mimi, na mama yangu aliyebaki bila baba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulia tangu mazishi.

Wazee wa uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanza Gahini kule Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea mpaka kwetu Kenya, walikuwa na mazoea haya: kutembea nuruni. Waliungama mapema na kwa jina la dhambi yenyewe, tena mbele ya ndugu. Sisemi usimame kanisani utangaze kila kitu. Kuna mambo ya kumwambia mtu mmoja tu mwaminifu, na kuna mambo ambayo ukiyatangaza utamuumiza mwingine. Lakini kila usiku jiulize: leo nimemkosea nani? Ungama kwa Mungu, na kama kuna mtu wa kuombwa msamaha, usingoje siku tisa kama mimi.

4. USHIRIKA: UKUTA HAUJENGWI NA MTU MMOJA

Hakuna mtu anayejenga bwawa la mchanga peke yake. Mawe ni mazito. Mmoja anabeba mawe, mwingine anachota maji, mwingine anachanganya simiti, na akina mama wanapika. Waraka kwa Waebrania unatuambia tutiane moyo kila siku, maadamu bado inaitwa leo, kwa sababu dhambi hudanganya na moyo hufanywa mgumu. Angalia vizuri: kila siku, siyo kila Jumapili.

Sasa mtu ataniambia, Pasta, nitakutana na watu wa kanisa kila siku saa ngapi? Huhitaji kukutana na wote. Tafuta mmoja. Mwanamume na mwanamume mwenzake, mwanamke na mwanamke mwenzake. Mpigie, au mtumie ujumbe wa maneno machache: "Leo nimesoma Marko 4. Wewe je?" Mimi nina ndugu mmoja, ni fundi wa magurudumu hapa mjini. Ananiuliza kila asubuhi, naye haogopi kwamba mimi ni pasta. Siku ambazo sijasoma inanibidi niseme sijasoma.

Wale wanaofanya kazi Nairobi au Mombasa na familia ziko huku, hili ni lenu hasa. Mume na mke wanaopigiana simu kila usiku kuulizana karo na pesa za mbolea, waongeze dakika mbili za kuomba pamoja kabla ya kukata simu.

5. UTII: TENDO MOJA DOGO

Neno lililosikiwa bila kutendwa ni maji ya juu ya mchanga. Jua likitoka yameisha. Kila siku chagua tendo moja la utii, dogo kiasi kwamba huwezi kusema umeshindwa.

Kwa mfanyabiashara, anza na kipimo. Methali inasema Bwana anachukia mizani ya udanganyifu. Sisi hapa tunapima ndengu na mahindi kwa gorogoro. Kila mtu anajua kuna gorogoro zilizogongwa chini zikapanda ndani. Ukienda kununua unabeba ile kubwa, ukiuza unatoa ile iliyobonyea. Ndugu yangu, unaweza kunena kwa lugha Jumapili, lakini mteja wako anasoma imani yako kwenye gorogoro Jumatatu.

Kwa wengine tendo linaweza kuwa kulipa deni la shilingi 200 dukani ambalo limekaa mpaka linaona aibu lenyewe. Au kumpa jirani mtungi mmoja wa maji. Au kuwaambia watoto wako pole ulipowafokea bure. Aliye mwaminifu katika kidogo, Bwana alisema, ni mwaminifu katika kikubwa pia.

WANAOIBA MCHANGA

Tunajua shida ya uzoaji mchanga. Lori linaingia mtoni, mara nyingi usiku, mchanga unaenda kujenga nyumba za mjini, na kijiji kinaamka bila maji. Ndiyo maana mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga. Watu waligundua kwamba mchanga unaoonekana hauna maana ndio uliokuwa unawatunzia maji.

Je, ni nani anayezoa mchanga wako usiku? Kwa wengi wetu ni simu. Unasema unaangalia ujumbe mmoja tu kabla ya kulala, unashtuka ni saa sita, na asubuhi huwezi kuamka. Sijasema simu ni ya shetani. Biblia yangu nyingine iko humo humo. Lakini mimi nimeamua simu yangu ilale sebuleni. Dada fulani wa kwaya aliniambia yake inalala kwenye debe la unga. Kila mtu atafute debe lake.

Mwizi mwingine ni hatia. Unakosa siku mbili, unaona aibu, unaacha wiki nzima, halafu unajiambia wewe si mtu wa kiroho. Bwawa haliachwi kwa sababu msimu mmoja mvua ilikosa. Ukikosa Jumanne, anza Jumatano. Usijaribu kulipa za Jumanne, anza tu.

Na kuna ndugu anayesoma hapa ambaye amekauka si kwa uvivu. Umefiwa, au unaumwa, au umechoka mpaka huwezi kuinua macho. Kwako sitaongeza mzigo. Usiku wangu ule Mungu hakunikataa kwa sababu nilikosa maneno. Alinipa mke wa kuomba kwa niaba yangu. Waambie wenzako. Acha wakuchotee kwa muda. Na huzuni ikikaa sana hata usingizi na chakula vikapotea, zungumza nasi, na uende pia hospitali umwone daktari. Kufanya hivyo si kukosa imani.

HESABU KIDOGO

Mnijue, lazima nimalizie na hesabu. Dakika 20 kwa siku, mwaka mzima, ni dakika 7,300. Hizo ni zaidi ya saa 121. Kesha moja la saa 6 kila mwezi ni saa 72 kwa mwaka. Kesha tunalipenda na tutaendelea nalo, kwa sababu mafuriko huleta mchanga. Lakini angalia mwenyewe ni wapi panapoingia zaidi.

Ni miaka sasa tangu siku ile ya mtoni. Nisingependa mfikiri nimefika. Kuna wiki ambazo daftari langu lina kurasa tupu. Mjukuu wa Susu bado hajarudi kwa Bwana, na bado tunamwombea, mimi nikiwa njiani na yeye akichota. Lakini mwaka jana, mtoto wetu alipougua usiku na tukakosa gari, nilipiga magoti mahali pale pale kando ya kitanda, na maneno yakaja. Yalikuwa machache, lakini yalitosha mpaka asubuhi.

ZOEZI LA WIKI

Kila siku, Jumatatu hadi Jumapili:
- Dakika 10: soma nusu ya sura ya Marko na uandike mstari mmoja.
- Dakika 5: omba katika saa uliyochagua. Taja watu watatu kwa jina.
- Dakika 2: mpigie au mwandikie mwenzako mmoja.
- Dakika 3 kabla ya kulala: jiulize umemkosea nani, na kama ulifanya tendo lako dogo la utii.

Jumapili uje na daftari. Sitalikagua. Nitakuuliza tu kama limeanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Soma Yeremia 17:7-8. Taja kiangazi kimoja ambacho umepitia. Kilikukuta na akiba gani?
2. Katika mazoea haya matano, ni lipi umeliacha kwa muda mrefu zaidi? Nini kilikufanya uache?
3. Njia unayopita kila siku ina maboma au maduka mangapi unayoweza kuyaombea?
4. Kuna mtu uliyemwambia "nitakuombea" na hukumwombea? Utafanya nini wiki hii?
5. Nani atakuwa mwenzako wa kila siku? Kubalianeni kabla ya kutoka kwenye kikundi leo.

TUOMBE

Bwana Yesu, mvua ni yako. Tusamehe kwa siku ambazo ulinyesha na sisi hatukuweka chochote. Tupe leo Neno la leo, na kesho utuamshe tena. Wale waliokauka, watilie watu wa kuwachotea. Wale walio mbali na nyumbani na mbali nawe, wakumbuke kwa majina yao. Tufundishe kuwa waaminifu katika kidogo, hata pasipo mtu wa kutuona. Amina.